Miaka saba ya misukosuko mpakani: nani amemuuliza mama kama amelala?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu, Rubavu

GISENYI – Alfajiri, kabla mpaka haujafunguliwa, njia inayotoka Mbugangari kuelekea Petite Barrière huwa imeshajaa watu. Wengi wao ni wanawake: wa nyanya, wa karoti, wa vitunguu, wa maziwa, wa sambaza. Ng'ambo ya pili, mtaa wa Birere mjini Goma, wanunuzi wanawasubiri. Kabla ya Covid-19, njia hii ya waenda kwa miguu ilikuwa ikipitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, na ilihesabiwa miongoni mwa mipaka yenye watu wengi kabisa barani Afrika.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika habari za mpaka huu. Nimehesabu magunia, ushuru, malori na saa za kufunga. Jambo moja sikuwahi kumuuliza mtu yeyote kwenye foleni hii: jana usiku ulilala? Nililiuliza tu baada ya usingizi kunikimbia mimi mwenyewe.

Makala haya si ya kuomboleza. Ninachotaka kueleza ni kwamba afya ya akili ya mwanamke wa mpakani ni suala la biashara, kama ushuru na barabara zilivyo masuala ya biashara, na kwamba kwa muda mrefu tumemsifu kwa ustahimilivu wake pale tulipopaswa kumpa huduma.

Kila mwaka na balaa lake

Tuanze na hesabu ambayo kila mfanyabiashara wa Gisenyi na Goma anaijua kwa moyo, ingawa pengine hajawahi kuiweka mahali pamoja.

Julai 2019, mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa mjini Goma, na katika wiki hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mwanzoni mwa Agosti mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, kisha ukafunguliwa. Machi 2020 ikaja Covid-19. Mizigo iliendelea kuvuka, watu hawakuvuka. Wachuuzi walitakiwa wajiunge katika ushirika na mali yao ikusanywe kwenye gari moja, na mwenye beseni moja la nyanya hakujua atashika wapi.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Maelfu ya watu wa Goma walikimbilia Rubavu, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Juni 2022 mwanajeshi wa Kongo aliuawa kwa risasi katika tukio la Petite Barrière, na baada ya hapo upande wa Kongo ukaamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, hasa Mkoa wa Magharibi. Agosti 2024 WHO ikatangaza dharura nyingine, safari hii kwa ajili ya mpox, na ndoo za kunawia mikono zikarudi mpakani.

Kisha ikaja Januari 2025. Tarehe 27, vita vya kuugombea mji wa Goma vilipofika kileleni, makombora yaliangukia upande wetu wa Rubavu na raia wakauawa. M23 waliuteka mji. Siku chache baadaye watu walianza kuvuka tena, lakini benki za Goma zilikuwa zimefungwa, na mteja aliyekuwa akilipa kila jioni hakuwa na mahali pa kuchukua fedha.

Miaka saba, na hakuna hata mmoja uliopita bila mshtuko. Mfanyabiashara mkubwa mwenye ghala hupokea mshtuko kama hasara ya mwezi. Mama wa beseni huupokea siku ile ile. Tuseme amechukua nyanya za faranga 20,000 kwa mali kauli saa kumi na moja asubuhi, akitarajia kumlipa mwenye shamba jioni. Mpaka ukifungwa saa sita, nyanya haziwezi kusubiri hadi kesho kutwa. Zitaoza, na deni halitaoza. Jioni atarudi nyumbani na deni la faranga 20,000, bila chakula cha watoto, na bila mali ya kuchukua kesho kwa sababu mwenye shamba hatampa tena kabla hajalipwa. Usiku huo hawezi kulala, na si kwa sababu ana udhaifu wowote. Anapiga hesabu.

"Niko zubakwa"

Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu makombora yalipoanguka. Nilikuwa nikinyonyesha huku nikipokea simu za wahariri. Nilituma habari zote zilizotakiwa. Wiki mbili, tatu baadaye mji ulitulia, mimi sikutulia. Mtoto alikuwa analala na mimi nimekaa kitandani nasikiliza. Mlango ukigongwa kwa nguvu, moyo ulikuwa unaruka. Chakula hakikuwa na ladha. Nilianza kumkasirikia mtoto kwa kulia, kisha nikawa najilaumu kwa kumkasirikia, kisha nalia mwenyewe bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili mume wangu asisikie.

Nilimwendea mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, ambaye ameuza sambaza ng'ambo tangu mimi niko shule ya msingi. Alinisikiliza, akanimiminia chai ya maziwa, akaniambia maneno mawili ambayo kila mwanamke wa Rwanda ameambiwa angalau mara moja: *niko zubakwa*. Maana yake, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Bibi aliambiwa hivyo alipopigwa, mama aliambiwa hivyo alipofiwa, na mimi nikaambiwa hivyo nilipokosa usingizi.

Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Maneno hayo yamewafikisha wanawake wengi asubuhi. Tatizo lake ni kwamba yanafunga mazungumzo. Mwanamke anaitwa *mutima w'urugo*, moyo wa nyumba. Ni sifa nzuri, na wanaume huitamka kwa heshima. Lakini moyo ukisimama mwili mzima huanguka, na sijui nyumba ngapi zina utaratibu wa kuupima.

Nilikwenda kituo cha afya nikiwa na kadi yangu ya bima, nikajifanya nimempeleka mtoto chanjo. Muuguzi alinitazama, akaniuliza ninalala saa ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ukweli. Nilirudi kwake mara sita.

Baada ya mara ya tatu nilimsimulia mama mdogo. Alikaa kimya muda mrefu akipanga sambaza kwenye sinia, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijalala vizuri tangu ardhi ilipotetemeka." Yaani tangu Mei 2021. Miaka karibu minne tumekula naye, tumecheka naye, tumemkopa fedha, wala hatukujua.

Takwimu zinasema hatuko wawili tu

Mwaka 2018 Rwanda ilifanya utafiti wa kitaifa wa afya ya akili. Ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano katika jamii kwa ujumla, asilimia 20.5, alikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Sonona, ile huzuni nzito ambayo Kinyarwanda huiita *agahinda gakabije*, ilionekana kwa asilimia 12. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, zaidi ya nusu, asilimia 52.2, walikuwa na tatizo moja au zaidi.

Takwimu inayopaswa kutushtua zaidi ni hii: watu zaidi ya 6 kati ya 10 walisema wanajua pa kupata msaada, lakini waliowahi kutumia huduma hizo walikuwa asilimia 5.3 tu. Watu wanajua njia na hawaipiti. Na utafiti huo ulifanyika kabla ya misukosuko yote saba niliyoitaja hapo juu.

WHO nayo inasema kwamba duniani kote sonona huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kwamba zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi hupata sonona wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua. Kwa mwanamke wa mpakani ongezeni yale ya mpakani yenyewe. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa 2011 kuhusu wachuuzi wa mipaka ya Kongo na majirani zake, ukiwemo mpaka wetu, uligundua kwamba walio wengi mno ni wanawake, na kwamba zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wamekutana na vurugu, vitisho au unyanyasaji wa kingono kazini. Tangu wakati huo majengo yamejengwa, taa zimewekwa, njia za foleni zimetengenezwa. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini woga aliouzoea mtu kwa miaka kumi hauondoki siku utepe unapokatwa.

Kuna pia zamu ya pili. Anayerudi kutoka Goma saa kumi na mbili jioni hajamaliza kazi, amebadilisha kazi. Kuna maji ya kuchota, kuni au mkaa wa kuwasha, daftari za watoto za kutazama, na wakati mwingine mume ambaye mauzo ya mkewe yanamfanya ajione mdogo na ambaye huulizia fedha kabla ya kuulizia hali. Wengine wana watoto wachanga, na kwa miaka mingi walilazimika kuwaacha upande huu na binti mdogo wa jirani, kisha wakavuka na maziwa yakiwa yamejaa kifuani.

"Nipe mtaji, nitalala"

Nilipoanza kuuliza swali langu kwenye foleni, jibu nililolisikia mara nyingi lilikuwa hilo: shida yangu si kichwa, shida yangu ni mtaji. Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Mtu mwenye deni asipolala, tusikimbilie kumwita mgonjwa. Wasiwasi wake una sababu, na dawa ya sababu hiyo ni fedha na mpaka unaotabirika.

Hata hivyo, ipo tofauti ambayo wauguzi hutufundisha, na inafaa kila mfanyabiashara aijue. Wasiwasi wa kawaida hupungua jambo lenyewe linapopungua. Ukiuza, ukilipa deni, usiku huo unalala. Lakini ikiwa huzuni au kukosa hamu kunakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Ikiwa umeuza na bado hulali. Ikiwa umekosa hamu ya kula, unasahau chenji ya mteja, unajiona huna thamani, au unawaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, basi hilo limevuka biashara. Hilo ni la kituo cha afya, kama malaria ilivyo ya kituo cha afya.

Tena mambo haya mawili hulishana. Mama asiyelala wiki tatu hukosea hesabu, hugombana na mteja wa siku zote, hukubali bei mbaya ili tu aondoke sokoni. Mtaji unapungua, na usingizi unapungua nao. Ukimpa mkopo mtu aliye katika hali hiyo bila kumshughulikia yeye, mara nyingi utakuwa umemwongezea deni.

Dawa iliyokwisha kujaribiwa kwetu

Habari njema ni kwamba dawa haihitaji kutoka mbali. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume. Walikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya kilichowafikisha hapo na namna ya kutoka. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida wanaozungumza lugha ya wenyeji, waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, wakati kwa wale ambao hawakupata vikundi ilikuwa asilimia 54.7. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa 2013, limekuwa likieneza vikundi vya namna hiyo nchini Uganda, hasa kwa wanawake.

Rwanda nayo ina yake. Mwaka 2005 kulianza Byumba, kaskazini mwa nchi, mpango unaojulikana kama *Mvura Nkuvure*, yaani nitibu nikutibu. Watu kumi hadi kumi na watano, majirani, wengine wenye uchungu wao kwa wao, hukutana kila wiki kwa wiki kumi na tano. Na kwa walio na ugonjwa mzito, zipo hospitali: Ndera jijini Kigali, na ng'ambo ya mpaka, Goma, kipo kituo ambacho jina lake kila msomaji wa gazeti hili analielewa bila mkalimani, Tulizo Letu. Vyote viwili vinahusishwa na watawa wa shirika moja la Kikatoliki, Frères de la Charité. Huzuni ilikwisha kuvuka mpaka siku nyingi, na wanaoitibu nao walivuka.

Sasa tazama tulicho nacho Petite Barrière. Karibu kila mama wa foleni yumo katika *ikimina*, kile ambacho Goma wanakiita likelemba, Kenya chama na Tanzania kikoba au upatu. Wanakutana kila wiki. Wanafahamiana. Wanajua nani hajaleta mchango na kwa nini. Kikundi cha Rakai kilibidi kiundwe, cha kwetu kipo tayari, kimekaa, kina katibu na sanduku la fedha. Kinachokosekana ni nusu saa ya kuulizana hali kwa kweli, na mtu mmoja aliyefunzwa namna ya kusikiliza na kujua nani apelekwe kituoni.

Nini kifanyike

Kwanza, mamlaka za pande zote mbili zione kwamba taarifa ya mapema ni huduma ya afya. Zipo sababu za usalama au magonjwa ambazo haziwezi kusubiri, hilo linaeleweka. Lakini saa za kufungua zikibadilika kwa sababu ya kawaida, tangazo la siku mbili kabla, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa redio na kwa simu, lingeokoa beseni nyingi za nyanya na usiku mwingi.

Pili, mwenye haki aijue haki yake. Kwa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina utaratibu uliorahisishwa na cheti chake cha asili ya bidhaa. Kati ya kanuni na meza ya afisa kuna umbali, na umbali huo ndio unaoleta woga. Mama anayejua anachodaiwa na asichodaiwa huvuka kichwa kikiwa juu.

Tatu, kituo cha afya kiende kwenye foleni. Wakati wa Ebola, Covid-19 na mpox tulipimwa joto mpakani kila asubuhi, na hakuna aliyeona ajabu. Muuguzi wa afya ya akili akikaa mpakani siku moja kwa wiki, naye atazoeleka, na mama hatahitaji kusingizia chanjo ya mtoto kama nilivyofanya mimi.

Nne, waume, kaka na baba, ambao pia husoma ukurasa huu: ulizieni hali kabla ya mauzo. Nanyi pia mna huzuni zenu, na nyumba ambamo mke anaweza kusema amechoka ndiyo nyumba ambamo mume naye anaweza kusema.

Na wewe mama uliye kwenye foleni ukisoma gazeti hili juu ya gunia lako: ukihesabu wiki mbili bila usingizi wala hamu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe na kadi yako ya mutuelle. Useme neno lile lile, silali. Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usimwambie ajikaze wala usimwache peke yake. Mshike mkono mwende naye siku hiyo hiyo.

Mama mdogo alikwenda. Ilichukua miezi miwili kumshawishi, na alikwenda siku ya mvua ambayo mauzo yalikuwa mabaya. Bado anauza sambaza, bado ana madeni, na mpaka haujawa rahisi kwa sababu yake. Lakini Alhamisi, kikundi chake kinapokutana, kabla sanduku halijafunguliwa, yeye ndiye anayewauliza wenzake mmoja mmoja kama wamelala. Mwanzoni walicheka. Siku hizi wanajibu.